Uzembe, Dhima Kali au Fidia Bila Kosa: Mjeruhiwa Ajenge Madai Yake Juu ya Msingi Upi?

Mtu akiumizwa na dereva barabarani, na mashine ya mwajiri wake, au na maji yaliyobomoa bwawa la jirani, sheria inaweza kuuliza moja kati ya maswali mawili. La kwanza ni nani aliyekosea. La pili ni nani anayepaswa kuibeba hasara hii hata kama hakuna aliyekosea. Swali litakaloulizwa ndilo litakaloamua ni ushahidi gani uandaliwe, shauri lipelekwe wapi, lichukue muda gani, na ni fedha kiasi gani zitakazofika mkononi mwa aliyeumia. Makala haya yanalinganisha misingi mitatu ya dhima, yaani wajibu wa kisheria wa kulipa, nayo ni uzembe, dhima kali, na fidia isiyohitaji kosa, kwa ajili ya mjeruhiwa, familia yake, na wakili kijana anayeandika hati ya madai kwa mara ya kwanza. Mifano mingi ni ya Kenya na Tanzania Bara, kwa sababu ndiko maswali haya yanakowakuta wasomaji wengi wa Kiswahili.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Pale ambapo sheria imeondoa sharti la kuthibitisha kosa, mjeruhiwa asipoteze miezi yake akilitafuta kosa. Na pale ambapo haijaliondoa, asifungue kesi kabla hajaweza kulitaja kosa lenyewe kwa sentensi moja iliyo wazi. Madai mengi hufa katikati ya hali hizi mbili: mtu ana hasira ya haki, ana jeraha linaloonekana, lakini amesimama juu ya msingi usiolingana na ushahidi alio nao.

Uzembe: njia pana, mzigo mzito

Kenya na Tanzania zilipokea kanuni za sheria ya kawaida ya Uingereza (common law), Kenya kwa tarehe ya 12 Agosti 1897 na Tanganyika kwa tarehe ya 22 Julai 1920, na madai ya uzembe katika mahakama za nchi hizi bado yanasimama juu ya nguzo zilezile. Mdai anapaswa kuonyesha kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu wa uangalifu kwake, kwamba wajibu huo ulivunjwa, kwamba kuvunjwa kwake ndiko kulikoleta madhara, na kwamba madhara ya aina hiyo yangeweza kutarajiwa na mtu mwenye busara ya kawaida. Nguzo ya wajibu ilipanuliwa sana mwaka 1932 katika kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson, iliyotokana na kinywaji kilichonunuliwa katika mkahawa wa mji wa Paisley, Scotland, na madai kwamba ndani ya chupa mlikuwa na konokono aliyeoza. Mama aliyekinywa hakukinunua yeye mwenyewe, kwa hiyo hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Hata hivyo majaji wengi wa Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, waliamua kwamba mtengenezaji anaweza kuwa na wajibu kwa mlaji wa mwisho. Tangu hapo mjeruhiwa hahitaji kuwa na mkataba na aliyemuumiza. Anahitaji kuwa mtu ambaye yeyote mwenye akili timamu angemfikiria kabla ya kutenda.

Upana huo ndio nguvu kubwa ya njia hii. Unaweza kumdai dereva, daktari, mkandarasi, mtengenezaji wa bidhaa, mwenye jengo au kampuni ya usafiri. Unaweza pia kumdai mwajiri wa aliyekosea, kwa kuwa mwajiri huwajibika kwa kosa ambalo mfanyakazi wake amelitenda akiwa kazini, hata kama yeye mwenyewe hakuwapo. Hapa wasomaji wengi hujichanganya: dhima hii ya mwajiri haihitaji kosa lake yeye, lakini inahitaji kosa la mfanyakazi. Ukishindwa kuthibitisha kwamba dereva wa lori aliendesha kizembe, mwenye lori naye anaponyoka.

Fidia yenyewe hukadiriwa kwa upana uleule. Mahakama huangalia maumivu na mateso, gharama za matibabu zilizokwisha kulipwa na zitakazohitajika baadaye, mapato yaliyopotea, na uwezo wa kujipatia riziki uliopungua. Maumivu hayapimwi kwa mshahara. Mama lishe aliyevunjika nyonga na ofisa wa benki aliyevunjika nyonga husimama karibu sana katika sehemu hiyo ya fidia, ingawa katika mapato yaliyopotea watatofautiana.

Uzito wake uko kwenye uthibitisho. Kwa kweli katika shauri la madai hakuna haja ya kuondoa kila shaka. Inatosha mahakama iridhike kwamba maelezo ya mdai yana uwezekano mkubwa zaidi kuliko ya mdaiwa. Lakini kila nguzo lazima ibebwe na mdai, na nguzo moja ikilegea jengo lote huanguka. Mtu anaweza kuthibitisha kwamba gari lilikuwa katika mwendo wa kasi na bado ashindwe, ikiwa hakuthibitisha kwamba kasi hiyo ndiyo iliyosababisha agongwe. Kwa sababu hiyo kazi ya siku za kwanza ina thamani kuliko ufasaha wa wakili mahakamani: taarifa ya polisi na mchoro wa eneo la ajali, fomu ya uchunguzi wa kitabibu, yaani P3 kwa Kenya au PF3 kwa Tanzania, majina na namba za simu za mashahidi kabla hawajatawanyika, picha za breki, taa na alama za matairi. Kenya ina msaada mmoja ambao mawakili wazoefu huusubiri kwa makusudi: kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinafanya hukumu ya mwisho ya jinai kuwa uthibitisho kamili kwamba aliyehukumiwa alitenda kosa hilo. Dereva aliyetiwa hatiani kwa kuendesha bila uangalifu hawezi kuja katika kesi ya madai na kukana jambo hilo, ingawa bado anaweza kusema kwamba mjeruhiwa naye alichangia.

Kuchangia huko ndiko kunakopunguza fidia nyingi. Chini ya Sheria ya Marekebisho ya Sheria ya Kenya, Sura ya 26, na sheria inayofanana nayo Tanzania, Sura ya 310, kosa la mjeruhiwa halimnyimi fidia yote bali huipunguza kwa kiasi cha mchango wake. Abiria wa bodaboda asiyevaa helmeti, mtembea kwa miguu aliyevuka mahali pasipo na kivuko, mfanyakazi aliyeondoa kinga ya mashine ili amalize kazi haraka, wote hawa watasikia asilimia zikitajwa dhidi yao. Mara nyingi asilimia hizo ni za haki. Wakati mwingine, kwa maoni yangu, hutolewa kwa wepesi usiozingatia kwamba maskini huchukua hatari kwa sababu hana njia nyingine ya kufika au ya kumaliza kazi.

Kuna jambo la mwisho kuhusu njia hii, nalo husahaulika mpaka siku ya kukazia hukumu. Hukumu dhidi ya mtu asiye na mali ni karatasi tu. Katika ajali za barabarani bima ya lazima huliziba pengo hilo kwa sehemu, lakini sheria ya Kenya ya bima ya magari kwa hatari za watu wengine, Sura ya 405, inaweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja, na kiasi kinachozidi hapo hufuatwa kwa mdaiwa mwenyewe. Kabla ya kufungua kesi ya uzembe, ulizia mdaiwa ana nini na nani anamkinga.

Fidia ya kazini: kosa likiwekwa kando

Katika karne ya 19 mfanyakazi wa Kiingereza aliyeumia kiwandani alikuwa na haki ya kushtaki ambayo haikumsaidia kitu. Kuanzia kesi ya Priestley dhidi ya Fowler ya mwaka 1837, mahakama zilijenga kanuni kwamba mwajiri hawajibiki kwa kosa la mfanyakazi mwenzake mjeruhiwa; tena ilisemwa kwamba aliyekubali kazi amekubali hatari zake, na kwamba aliyechangia ajali kwa kiasi chochote hapati hata senti. Ujerumani ilivunja mtindo huo mwaka 1884 kwa bima ya lazima ya ajali za kazini, na Uingereza ikafuata mwaka 1897 kwa sheria ya fidia kwa wafanyakazi. Msingi wa sheria hizi ni mapatano ya kijamii: mwajiri anaacha utetezi wa kwamba hakukosea, na mfanyakazi anapokea fidia iliyowekewa kipimo badala ya kukimbilia fidia kamili.

Kenya ilifikisha mapatano hayo kwenye ukomo wake kwa Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi huiita WIBA, iliyoanza kutumika Juni 2008. Kifungu cha 10 kinampa haki ya mafao mfanyakazi aliyepata ajali iliyomletea ulemavu au kifo, bila kuuliza mwajiri alifanya nini. Kifungu cha 16 kinafunga mlango wa pili: mfanyakazi au wategemezi wake hawawezi kumshtaki mwajiri wake kwa fidia ya ajali au ugonjwa uliotokana na kazi nje ya sheria hiyo. Chama cha Mawakili cha Kenya kilipinga vifungu kadhaa. Mahakama Kuu ikavibatilisha baadhi yake mwaka 2009, Mahakama ya Rufaa ikageuza sehemu kubwa ya uamuzi huo Novemba 2017, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikathibitisha kwamba njia ya WIBA ndiyo ya kufuatwa. Kwa hiyo mfanyakazi wa Kenya anayeumia leo hana uchaguzi kati ya WIBA na kumshtaki mwajiri wake kwa uzembe. Yeyote anayemwahidi kinyume cha hilo anamchelewesha.

Utaratibu wake unakwenda hivi. Mfanyakazi anamjulisha mwajiri, mwajiri anatakiwa kuripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7 baada ya kupata taarifa, daktari anakadiria asilimia ya ulemavu, na fidia ya ulemavu wa kudumu inakokotolewa kwa msingi wa mapato ya miezi 96. Madai yawasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali, au tangu kifo ikiwa mfanyakazi amefariki. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi hupeleka pingamizi kwake ndani ya siku 60, na akikataliwa hukata rufaa katika mahakama inayoshughulikia mashauri ya ajira.

Tanzania Bara ilichukua umbo tofauti. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, iliyotungwa mwaka 2008, iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao waajiri walianza kuuchangia Julai 2015. Mchango unatoka kwa mwajiri peke yake, wala haukatwi kwenye mshahara wa mfanyakazi. Kwa sekta binafsi ulianza kwa asilimia 1 ya malipo ya mishahara na baadaye ukashushwa hadi asilimia 0.5. Mfuko hulipia matibabu, hulipa asilimia 70 ya mapato kwa ulemavu wa muda kwa kipindi kisichozidi miezi 24, hutoa mkupuo kwa ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30, na pensheni ya kila mwezi kwa ulemavu unaozidi hapo. Wapo pia wategemezi wa marehemu, msaada wa mazishi, na malipo kwa anayemhudumia mtu asiyeweza kujihudumia.

Nikiziweka nchi hizi mbili bega kwa bega, naona tofauti moja kuwa kubwa kuliko zote. Mfanyakazi wa Tanzania anamdai Mfuko, na Mfuko hauna sababu ya kumfukuza kazi. Mfanyakazi wa Kenya anamdai mwajiri na kampuni ya bima ya mwajiri, watu walewale ambao kesho atawahitaji kwa mshahara. Sheria zote mbili zimeondoa kosa, lakini ni ile ya Mfuko iliyoondoa pia uadui. Pensheni ya mwezi nayo humlinda mjane na watoto dhidi ya mkupuo unaokwisha ndani ya mwaka mmoja kwa madeni na shinikizo la ndugu.

Kosa halikufutika kabisa hata hapa. Chini ya sheria ya Kenya, mfanyakazi ambaye ajali yake ilitokana na utovu wa makusudi hapati fidia, isipokuwa ajali hiyo imeleta kifo au ulemavu mkubwa. Mtu asichanganye utovu wa makusudi na uzembe wa kawaida. Kuteleza, kusahau, kuchoka baada ya zamu mbili mfululizo, yote haya si utovu wa makusudi, na mfanyakazi asikubali kusaini maelezo yanayoyageuza kuwa hivyo.

Hesabu ya mfano mmoja

Tuseme fundi wa mashine katika kiwanda cha Athi River anapata shilingi 20,000 za Kenya kwa mwezi, mashine imemkata vidole, na ulemavu wake wa kudumu umekadiriwa kuwa asilimia 30. Kwa kipimo cha miezi 96, mapato yake yote ni shilingi 1,920,000, na asilimia 30 yake ni shilingi 576,000. Hahitaji kuthibitisha kwamba mashine ilikuwa mbovu, wala kwamba hakufundishwa, wala kwamba msimamizi alimharakisha.

Sasa tumweke fundi huyohuyo katika kesi ya uzembe, kama ambavyo angekuwa kabla ya WIBA, au kama ambavyo atakuwa leo ikiwa aliyemuumiza si mwajiri wake. Tuseme, kwa mfano tu, mahakama inamkadiria shilingi 1,500,000 kwa maumivu, matibabu na kipato, kisha inaona alichangia asilimia 40 kwa kuondoa kinga. Zinabaki 900,000, na humo hutoka gharama za wakili ambazo mdaiwa hakuamriwa kuzilipa. Kiasi hicho bado ni kikubwa kuliko 576,000. Lakini nusu ya pili ya hesabu ni hii: asipothibitisha kosa hapati kitu, na huenda akaamriwa kulipa gharama za mdaiwa. Mwenye shahidi aliyeona na rekodi ya matengenezo inayoonyesha kasoro iliyoripotiwa mara kadhaa bila kushughulikiwa, huyo ana sababu ya kuitamani njia ya uzembe. Mwenye neno lake tu dhidi ya neno la msimamizi yuko salama zaidi kwenye 576,000.

Hesabu hii inafichua pia udhaifu wa fidia isiyo na kosa, na sitaki kuupita kimya. Kipimo chake ni mshahara. Mfanyakazi wa shilingi 15,000 na meneja wa shilingi 150,000 wakipoteza vidole vilevile, kipimo cha msingi kinawatofautisha mara 10, mpaka pale viwango vya chini na vya juu vinapoingilia. Maumivu, aibu, usingizi uliopotea, ndoa iliyoyumba, haya hayana safu yake kwenye hesabu. Nchi inayochagua mfumo huu kwa ajili ya wanyonge inapaswa kuvipitia viwango vya chini mara kwa mara, la sivyo mfumo unawafaa zaidi wenye mishahara mizuri.

Kwa magonjwa ya kazini, hata hivyo, sioni ubishi. Mtu aliyevuta vumbi la mawe au kemikali kwa miaka mingi atawezaje kutaja siku ambayo mwajiri alikosea, na kwa mapafu yapi? Sheria ya Kenya ina jedwali linalotaja magonjwa ya kazini na kazi zinazoyaleta, na hapo kazi ya mdai ni kuonyesha ugonjwa wake na kazi aliyoifanya. Mgonjwa wa aina hii akiambiwa achague, achague njia ya fidia bila kosa bila kusita.

Dhima kali: pale hatari yenyewe inapotosha

Kati ya hizo mbili kuna msingi wa tatu ambao hauhitaji kosa lakini bado uko mahakamani. Mwenye kinu huko Lancashire alijenga bwawa la maji. Maji yakapenya kwenye mashimo ya zamani yaliyosahauliwa na kufurika mgodi wa jirani. Yeye binafsi hakuwa mzembe, kwa kuwa alitumia mafundi waliostahili. Katika Rylands dhidi ya Fletcher, uamuzi uliothibitishwa na Baraza la Malodi mwaka 1868, aliwajibika hata hivyo: anayekusanya kwenye ardhi yake kitu kinachoweza kudhuru kikitoroka, na kwa matumizi yasiyo ya kawaida ya ardhi hiyo, hubeba madhara ya kutoroka kwake.

Msomaji wa Kenya atakumbuka mara moja Solai, Kaunti ya Nakuru, ambako usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la shamba lilibomoka na kuua zaidi ya watu 40. Watu wanaoishi chini ya mabwawa kama hayo wanauhitaji sana msingi huu, kwa sababu mkulima mdogo aliyesombewa nyumba hana namna ya kuchunguza ubora wa ukuta wa udongo uliokwisha kubebwa na maji. Anachoweza kuthibitisha ni kwamba maji yalikuwa yamekusanywa juu, kwamba yalitoroka, na kwamba yalimfikia. Akiwa na hayo matatu, na akionyesha kwamba bwawa lenyewe halikuwa matumizi ya kawaida ya ardhi, nasema aanze na dhima kali, kisha aweke uzembe kama dai mbadala ndani ya hati hiyohiyo. Hakuna kanuni inayomlazimisha kuchagua moja tu kabla ushahidi haujasikilizwa.

Mipaka ya msingi huu ni mikali kuliko jina lake. Mwaka 1946, katika kesi ya Read dhidi ya Lyons, mkaguzi aliyejeruhiwa na mlipuko ndani ya kiwanda cha silaha alishindwa kwa sababu kitu hatari hakikutoroka nje ya eneo la mdaiwa. Mwaka 1993, katika kesi ya Cambridge Water, majaji wa Uingereza waliongeza kwamba aina ya madhara lazima iwe ilitarajiwa. Mdaiwa pia anaweza kujitetea kwa nguvu za asili zisizotazamiwa, kwa kitendo cha mtu wa nje, au kwa ridhaa ya mdai mwenyewe. Mvua kubwa itatajwa katika kila kesi ya bwawa, na mdai ajiandae kwa takwimu za mvua za miaka iliyotangulia ili aonyeshe kwamba masika yale hayakuwa ya ajabu.

Uchafuzi wa mazingira una mlango wake wa pembeni nchini Kenya. Kifungu cha 70 cha Katiba ya mwaka 2010 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kulinda haki ya mazingira safi bila kulazimika kuonyesha kwamba kuna aliyepata hasara au jeraha. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioathiriwa na sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, walifungua shauri mwaka 2016, wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 na Mahakama ya Mazingira na Ardhi mwaka 2020, na ilibidi wafike Mahakama ya Juu, iliyowapa ushindi Desemba 2024. Kulegezwa kwa sharti hilo hakukuwaondolea miaka hiyo yote. Anayechagua njia ya mahakama, iwe na kosa au bila kosa, achague akijua kwamba muda nao ni sehemu ya bei.

Kwa walioshambuliwa na wanyamapori, wala mahakama haihitajiki kwanza. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 inaweka shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, na kiasi kisichozidi milioni 2 kwa majeraha mengine, kupitia kamati ya kaunti. Kumtafuta nani aliyeacha uzio wazi ni kupoteza nguvu.

Kwa msomaji wa Lubumbashi, Goma au Bukavu

Kongo haikurithi sheria ya Kiingereza bali ya Kibelgiji, na mpangilio ni mwingine. Amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba na wajibu inasema katika kifungu cha 258 kwamba aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake analazimika kuifidia, na kifungu cha 260 kinaongeza dhima kwa watu na vitu vilivyo chini ya ulinzi wa mtu. Ufaransa, ambako maneno kama hayo yaliandikwa mwaka 1804, mahakama zililipanua suala la vitu kwa hatua kubwa: mwaka 1896 katika kesi ya Teffaine, kuhusu mtambo wa mvuke uliolipuka na kumuua fundi, na mwaka 1930 katika kesi ya Jand'heur, kuhusu lori lililomgonga mtoto, ambapo mlinzi wa kitu alihesabiwa kuwajibika bila mdai kuthibitisha kosa. Mahakama za Ubelgiji hazikufika mbali hivyo. Zilidai ithibitishwe kwamba kitu kilikuwa na kasoro. Kwa hiyo anayetumia kifungu cha 260 afanye bidii ya kupata ripoti ya fundi kuhusu kasoro ya gari, nguzo au mtambo, badala ya kutegemea kwamba kitu kimeumiza na basi.

Mpangilio wa kuchagua

Ningemshauri mjeruhiwa aanze na swali la alikuwa wapi na kwa nini. Ikiwa alikuwa kazini, apeleke taarifa ya maandishi kwa mwajiri siku hiyohiyo na abaki na nakala iliyopigwa mhuri au kusainiwa, kwa sababu miezi 12 hupita upesi kwa mtu aliyelazwa hospitali. Asingoje matokeo ya uchunguzi wa nani aliyekosea. Uchunguzi huo hauhusiani na haki yake. Ikiwa hakuwa kazini, aulize kama kilichomuumiza ni kitu hatari kilichotoka kwenye ardhi ya mtu mwingine. Kama sicho, anabaki na uzembe, na hapo ndipo aandike ile sentensi moja: fulani alipaswa kufanya hivi, hakufanya, na kwa sababu hiyo nimeumia hivi. Sentensi ikigoma kukamilika, bado kuna ushahidi wa kutafutwa. Muda wa kuutafuta ni miaka 3 kwa madai ya aina hii, Kenya na Tanzania, lakini mashahidi hawakai miaka 3.

Liko kundi lenye njia mbili kwa wakati mmoja, nalo ndilo hupoteza zaidi kwa kutojua. Mfanyakazi aliyetumwa mjini na mwajiri wake, akagongwa na gari la kampuni nyingine, ana mafao ya ajali kazini na pia ana dai la uzembe dhidi ya mwenye gari lile. Vivyo hivyo aliyekatwa na mashine yenye kasoro ya kiwandani ilikotengenezwa. Kifungu cha 16 cha WIBA kinamkinga mwajiri wake; hakimkingi mtu wa nje. Katika hali hiyo achukue kwanza mafao yasiyohitaji kosa, ayatumie kwa matibabu na chakula cha nyumbani, kisha afungue kesi dhidi ya mtu wa nje kabla ya miaka 3 kwisha. Mahakama haitamlipa mara mbili kwa hasara ileile, hivyo hati yake ya madai iseme wazi ni kiasi gani amekwisha kupokea, kutoka kwa nani, na kwa ajili ya nini. Wajane na watoto wa marehemu wafanye vivyo hivyo, na wasisaini hati yoyote ya kampuni ya bima inayosema kwamba wameachilia madai yote dhidi ya kila mtu, kwa kuwa maneno hayo yakikubaliwa humfunika hata yule ambaye hawajamdai bado.